Mawe, upepo au Papa? Nguvu ya divai nyekundu ya Châteauneuf-du-Pape inatoka wapi

#1 Mchuma Zabibu

Wakuu salaam.

Nilipokuwa mwanafunzi huku Ufaransa, msimu mmoja nilikwenda kufanya kibarua cha kuchuma zabibu Châteauneuf-du-Pape. Ni kamji ka watu kama elfu mbili hivi, kati ya Avignon na Orange, kamekaa juu ya kilima na mto Rhône unauona kwa chini. Kule zabibu zinachumwa kwa mkono tu, sheria ya divai yao imekataza mashine, na ndiyo maana vibarua wa aina yangu tunapata riziki.

Wiki ya kwanza tulichuma kwenye shamba ambalo udongo huuoni. Mawe matupu ya mviringo, yamelainika kama yamepigwa msasa, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto. Siku ya pili nikateguka kifundo cha mguu. Saa kumi jioni ukijisahau ukakaa juu ya jiwe, utanyanyuka mwenyewe bila kuambiwa. Msimamizi akatwambia siri ya divai yao ni hayo mawe: mchana yanakula jua, usiku yanalitapika, zabibu zinaendelea kuiva nyie mmelala. Nikaamini.

Wiki ya pili tukahamishiwa shamba lingine la tajiri yuleyule, nyuma ya kamsitu. Mchanga mtupu. Jiwe la kumtupia ndege hulipati. Nikamuuliza msimamizi, na hapa siri ni nini? Akacheka, akaendelea kukata vichala. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua zabibu mbovu akajibu kwa niaba yake: ni upepo.

Mwisho wa msimu tukaonjeshwa divai mbili nyekundu za mwaka uliotangulia, moja ya mawe, moja ya mchanga. Zote zimeandikwa asilimia 14.5 ya kilevi. Zote zilipanda kichwani kwa mwendo mmoja. Ya mchanga ilikuwa laini zaidi na rangi yake imepauka kidogo, basi.

Sasa hiyo nguvu inatoka wapi? Mawe ni kweli, au ni stori ya kuuzia chupa? Wataalamu karibuni.

#2 Kigoda cha Mbele

Nimewahi kiti. Endeleeni, mie nasoma tu.

#3 Mwalimu wa Maabara

Mleta uzi, tufanye hesabu kabla ya kufika kwenye mawe. Kilevi ni sukari iliyoliwa na hamira. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita ya juisi zinatoa asilimia 1 ya kilevi. Hiyo 14.5 yako basi ilianza kama juisi yenye karibu gramu 245 za sukari kwa lita. Soda unayokunywa na chipsi ina kama gramu 100. Na kule kuongeza sukari ya dukani kwenye juisi ni marufuku, hivyo yote ilitoka shambani.

Kwa hiyo tuulize sukari yote hiyo iliingiaje kwenye punje. Mimi naanza na mbegu. Sehemu kubwa ya mizabibu ya kule ni aina ya grenache. Hiyo ndiyo tabia yake popote pale: ganda jembamba, rangi isiyokolea, ukakasi wa wastani, sukari kibao. Ndiyo maana ile ya mchanga ikakupa rangi iliyopauka. Grenache ukiipanda hata kwenye ndoo ya plastiki, mradi ipate jua, kilevi itakupa.

#4 Mwana wa Kibokoni

Asalaam aleikum. Mimi nimeona "Papa" kwenye kichwa cha uzi nikaingia mbio nikidhani mwauza papa mkavu. Kumbe ni Papa wa Roma! Haya, hicho kinywaji situmii, lakini maneno yenu yana ladha. Nipo.

#5 Mkulima wa Hombolo

Mwalimu, ya ndoo ya plastiki nakataa. Mimi nalima zabibu hapa Dodoma mwaka wa 11 sasa. Jua tunalo kuwashinda hao. Mchanga tunao. Mizabibu yetu hailali baridi kama ya Ulaya, ukipogoa inaamka tena, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini kipimo changu kikigota sukari asilimia 21 ya juisi nashukuru Mungu, na hiyo inanipa divai ya asilimia 12 kwenda juu kidogo. Kama ni jua tu, mimi ningekuwa nauza gongo.

Naona tofauti iko kwenye mzigo. Mleta uzi, kwenye shina moja ulikuta vichala vingapi?

#6 Mchuma Zabibu

Mkulima, swali zuri. Vichache mno. Mashina yenyewe mafupi, hayana nguzo wala waya, yamepogolewa kama kikombe, matawi yametoka pembeni na katikati pako wazi. Ukiinama kuchuma unainama kwelikweli, mgongo wangu bado unakumbuka. Mashina mengine walisema yana zaidi ya miaka 80. Unapata vichala vitano, sita, unahamia shina lingine.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba ekari haina uhuru wa kuzaa itakavyo: sheria inataka mavuno yasizidi lita 3,500 za divai kwa hekta.

#7 Mkulima wa Hombolo

Lita 3,500 kwa hekta! Basi nimemaliza. Mti ukiwa na watoto wachache kila mtoto anashiba. Mawe waachie watalii.

#8 Mseminari Mstaafu

Mnasahau mwenye jina. Mapapa walihamia Avignon mwaka 1309, akianza Klementi V, aliyekuwa askofu mkuu wa Bordeaux, mtu wa divai tangu kwao. Yeye ndiye aliyejenga ngome pale kilimani na kupanda mizabibu, mji ukaitwa "ngome mpya ya Papa" tangu siku hiyo. Divai ya meza ya Papa haiwezi kuwa nyepesi. Nguvu hiyo ni amri ya kanisa.

#9 Karani wa Zamani

Baba, nakusahihisha kwa heshima, mara mbili.

Kwanza, Klementi V alifariki 1314. Ngome ni ya aliyemfuata, Yohane XXII, mzaliwa wa Cahors, aliyetawala 1316 hadi 1334. Aliijenga kama makazi ya kiangazi, kukimbia joto na kelele za Avignon.

Pili, jina. Karne kwa karne mji uliitwa Châteauneuf-Calcernier, kwa sababu ya chokaa iliyokuwa ikichimbwa na kuchomwa hapo. Hilo la Papa walijipa rasmi mwaka 1893. Angalia huo mwaka vizuri. Ni baada ya mdudu wa filoksera kuangamiza mizabibu ya bonde lile, na moja ya sehemu za kwanza kabisa alikoonekana Ufaransa ni Roquemaure, ng'ambo tu ya mto, miaka ya 1860. Mmepanda upya, mnatafuta soko, halafu mnakumbuka ghafla kwamba mna Papa wenu. Mimi nikiwa mfanyabiashara ningefanya vilevile.

#10 Mseminari Mstaafu

Karani, la Yohane XXII nimelipokea. La jina nalo nimelipokea, ila umenipa kwa kejeli.

#11 Mwana wa Kibokoni

Kwa hivyo papa ni wa juzi, chokaa ndiyo ya kale. Ndugu zangu wa Lamu wangeelewa.

#12 Mzee wa Lubumbashi, Lyon

Bandugu, jambo yenu yote. Miye niko dereva wa lori, na ile muji naijua sana kwa sababu mara mingi napelekaka kule chupa tupu. Munacheka? Chupa yenyewe ni kitu. Iko na alama yenye kutokea juu ya kioo, kofia ya Papa na fungulo mbili za Petro zenye kupishana, unaigusa na kidole. Ile chupa waliifanya 1937. Haiuzwe kwa kila mutu, ni ya watu wa kule peke.

Sasa niwaambie muji wenyewe. Kila mulango ni divai. Unaegesha, unavuka barabara, mutu anakuita uonje. Unapanda njia ndogo za mawe mupaka juu, unakuta ile ngome, lakini iko ukuta mbili tu zenye kusimama, nyuma yake hakuna nyumba. Kama sinema. Ukiwa pale juu unaona Rhône, unaona Avignon kule chini, na upande wa mashariki mulima Ventoux na kichwa yake nyeupe. Miye nilizania ni theluji hata wakati wa joto, kumbe ni mawe.

Wakati wa baridi, basi, ni muji ya kulala. Maduka yamefungwa, upepo inatembea yenyewe mu njia.

Ya nguvu ya divai sijue. Lakini kule wazee waliniambia zamani watu wa Bourgogne walikuwa wanakuja kununua divai ya kule kwa mapipa, wanachanganya kidogo mu yao yenye haina nguvu, inaamuka. Kwa hiyo nguvu ilikuwa mbele ya Parisi kujua jina.

#13 Kigoda cha Mbele

Mzee wa Lubumbashi asante, hapo kwenye mlima umenifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Ila hiyo ngome ya kuta mbili, nilisoma kwamba ni Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoibomoa?

#14 Karani wa Zamani

Hapana. Iliporwa na kuchomwa kwenye vita vya dini karne ya 16, kisha wanakijiji wakawa wanachukua mawe yake kujengea, kama kawaida ya magofu yote duniani. Mnara mkuu ndio ukabaki. Agosti 1944 wanajeshi wa Kijerumani walipokuwa wanaondoka wakautegea baruti. Nusu ikaanguka, nusu ikakataa. Hizo kuta alizoziona Mzee ndiyo nusu iliyokataa.

#15 Dada wa Marseille

Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyemsikiliza yule bibi wa post ya kwanza. Kasema upepo, wote mkaruka mkakimbilia Papa.

Anaitwa mistral. Anatoka kaskazini, anabanwa kwenye bonde la Rhône kama maji kwenye bomba, akifika huku chini anakimbia hata kilomita 100 kwa saa. Wenyeji wanasema akianza anapuliza siku 3, au 6, au 9. Mimi nimeishi naye miaka minane, nimeshamkimbiza mpaka barabarani akiwa na shuka zangu.

Shambani kazi yake ni mbili. Mvua ikinyesha, kesho yake majani yamekauka, ukungu haupati pa kukaa, kwa hiyo mkulima anaweza kusubiri bila hofu ya zabibu kuoza. Ya pili, upepo mkavu unavuta maji kwenye punje. Maji yakipungua na sukari ikabaki, Mwalimu wa Maabara atakupigia hesabu. Hata ile mizabibu mifupi bila waya ni kwa ajili yake, mzabibu mrefu angeuvunja.

#16 Mwalimu wa Maabara

Hesabu inakubali. Ila mistral huyo huyo anapuliza kwenye mashamba ya jirani ambayo divai yake haina hilo jina.

#17 Dada wa Marseille

Na grenache hiyo hiyo inapandwa kwa jirani, mwalimu. Tumetoka sare.

#18 Bwana Shamba Mstaafu

Niingie kwenye mawe, maana ndiyo swali lenyewe.

Yale mawe ni kwatsaiti, aina ya jiwe gumu. Yalitoka milima ya Alps, mto ukayaviringisha muda usiohesabika hadi yakawa mviringo, kisha mto ukashuka chini na kuyaacha juu ya uwanda. Sehemu maarufu inaitwa La Crau. Ni kweli yanashika joto, hakuna mwenye mkono anayebisha.

Lakini jiulizeni: hii ni mojawapo ya sehemu kavu na zenye jua kali kuliko zote zinazolimwa divai Ufaransa. Nani mwenye jua la kumtosha anahitaji tena jiko la usiku? Joto la usiku linaondoa uchachu kwenye zabibu, na divai isiyo na uchachu inakaa mdomoni kama uji. Wakulima wengine pale pale wanalalamika kuhusu mawe siku za joto kali badala ya kuyasifu. Mimi naona faida ya mawe ni kinyume cha anavyosema msimamizi. Ni kifuniko. Chini yake kuna udongo mfinyanzi mwekundu, na mawe yanazuia jua lisiunyonye maji. Kama majani makavu tunayotandaza kwenye migomba. Kule kumwagilia kumebanwa sana na sheria, kwa hiyo maji ya chini ndiyo uhai.

Halafu kuna Château Rayas, shamba la pale pale. Divai yake nyekundu ni grenache tupu, imeota kwenye mchanga, mashamba mengi yametazama kaskazini na yamezungukwa na misitu, yaani kila kitu kinyume cha kalenda za watalii. Chupa yake moja inauzwa mamia ya euro. Kama mawe ndiyo siri, Rayas asingekuwepo.

#19 Mchuma Zabibu

Bwana Shamba umenirudishia kifundo changu. Miaka yote hii nikidhani niliteguka kwa sababu ya maana.

#20 Mkulima wa Hombolo

Hiyo ya kifuniko naichukua. Kesho naanza kukusanya mawe.

#21 Mhudumu wa Westlands

Niaje wadau. Mimi hufungua hizi chupa kazini hapa Nairobi, za kwangu ni chache, za wageni ni nyingi. Naona mnaongea kana kwamba 14.5 ni namba ya tangu enzi za huyo Papa. Si hivyo.

Kuna mgeni wetu mzee aliwahi kuleta chupa zake mwenyewe za miaka ya 1970. Lebo ilisema 13 na kitu. Yangu ya juzi kwa rafu imeandikwa 15. Mji ni ule ule, mawe ni yale yale, upepo ni ule ule. Kilichobadilika ni nini? Naona vitu viwili. Joto la dunia, maana siku hizi kuna miaka mavuno yanaanza mwisho wa Agosti, na mwaka 2003 ulikuwa moto hadi watu wakafa Ulaya. Cha pili ni soko. Robert Parker, yule mchambuzi wa Marekani aliyekuwa akizipa divai alama hadi 100, alizipenda sana hizi nzito, na alama zake zilikuwa zinauza kreti. Ungekuwa wewe, ungechuma mapema?

#22 Bwana Shamba Mstaafu

Mhudumu, nusu nakubali, nusu umewaonea. Mkulima hasubiri kwa ajili ya Parker peke yake. Sukari na ganda haviivi kwa saa moja. Sukari inaweza kuwa tayari, ukitafuna mbegu bado ni ya kijani na chungu, ganda linakausha ulimi. Ukivuna hapo unapata divai ya kukunja uso. Ukisubiri mbegu iwe kahawia na ukakasi ulainike, sukari nayo haikai kukungojea, inapanda. Na jua la siku hizi linaikimbiza sukari, ganda linabaki nyuma.

#23 Mhudumu wa Westlands

Sawa mzee. Lakini kupanda imepanda.

#24 Karani wa Zamani

Mhudumu, kuna jambo umelipita. Nguvu ilikuwa kwenye sheria yao kabla Parker hajazaliwa.

Mwaka 1923 wakulima wa pale walichoshwa na watu waliokuwa wanauza divai ya kokote kwa jina lao. Wakamfuata Baroni Pierre Le Roy, mwenye shamba la Château Fortia, aliyesomea sheria na kurusha ndege za kivita Vita ya Kwanza. Akawaandikia masharti: mipaka ya ardhi, aina za zabibu, upogoaji, kutupa angalau asilimia 5 ya zabibu wakati wa kuchambua, na kilevi cha asili kisipungue 12.5. Divai ya waridi, yaani ile ya rangi ya pinki, ikakatazwa kabisa, na hadi leo hakuna Châteauneuf ya waridi. Ardhi inayofaa aliipima kwa akili ya mchungaji: ile inayoota lavenda na zaatari pamoja, maana mimea hiyo haikai kwenye udongo wenye rutuba. Mahakamani walisota miaka. Mwaka 1936 ikawa miongoni mwa divai za kwanza Ufaransa kulindwa kwa jina la mahali.

Kwa hiyo mkulima asiyefika 12.5 alikuwa hana haki ya jina. Mwenye hofu ya kushindwa mtihani anasoma kupita kiasi.

#25 Mwalimu wa Maabara

Karani, huo mfano wa mtihani ningependa wanafunzi wangu wausikie. Nimekubali sheria ni sababu. Lakini sheria inasema 12.5, haijasema 15.

#26 Mseminari Mstaafu

Natokea tena, safari hii na ushahidi. Kwenye kitabu changu imeandikwa divai hiyo hutengenezwa kwa aina 13 za zabibu. Mnaongea grenache, grenache, kana kwamba ni ugali bila mboga.

#27 Bwana Shamba Mstaafu

13 zimeruhusiwa, baba, hazijalazimishwa. Sheria ya 2009 ikizihesabu kwa rangi, nyeupe peke yake na nyekundu peke yake, zinafika 18. Château de Beaucastel wanajulikana kwa kulima zote 13. Wengi wanatumia tatu au nne: grenache kwa mwili na kilevi, syrah kwa rangi, mourvèdre kwa ukakasi na ile harufu ya ngozi na nyama. Mourvèdre inachelewa kuiva, na wakulima wa kule wanasema inataka kichwa juani na miguu majini. Rudini kwenye hoja yangu ya kifuniko.

La kushangaza zaidi, sheria inakubali uchanganye hata zabibu nyeupe ndani ya nyekundu.

#28 Mchuma Zabibu

Hilo naweza kulitolea ushahidi. Shamba la mawe lilikuwa limechanganyika, unakata vichala vyeusi, ghafla unakuta shina la nyeupe. Siku ya kwanza nilizitenga kwenye ndoo yangu kwa heshima. Msimamizi akazimwaga zote pamoja, akaniuliza kama kwetu wali unapikwa bila chumvi.

#29 Mama Tausi

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtaalamu. Shemeji kaniletea chupa moja ya hiyo kutoka Paris, nimeiweka kabatini hapa Dar. Juzi tumeifungua na pilau, ikawa kama tumemeza moto. Ndiyo ilivyo?

#30 Mhudumu wa Westlands

Mama Tausi, shikamoo. Kosa ni la kabati. Wanaposema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, chumba chenyewe ni cha nyumba ya mawe ya Kifaransa. Nyuzi 16 hadi 18. Kabati lako la Dar lina 30, na kwenye joto hilo kilevi ndicho kinachotangulia puani. Weka kwenye friji nusu saa au zaidi, toa, ndipo ufungue. Na badala ya pilau jaribu mbuzi wa kuchoma au mchuzi mzito wa nyama.

#31 Mama Tausi

Marahaba mwanangu, asante. Pilau halina kosa lakini.

#32 Mwana wa Kibokoni

Pilau halina kosa, natia sahihi.

Nami nina langu dogo la lugha. Mwajua kuwa hili neno "divai" lenyewe ni Kifaransa? "Du vin." Na "mvinyo" ni la Mreno, "vinho." Mtu wa pwani hakinywi, lakini majina ya kinywaji ameyahifadhi mawili.

#33 Mseminari Mstaafu

Na la Kifaransa likabaki zaidi altareni. Nadhani ni mapadre wa Kifaransa wa Bagamoyo waliotuachia. Hapo msinisahihishe, nimesema nadhani.

#34 Karani wa Zamani

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Naiweka chini.

#35 Mzee wa Lubumbashi, Lyon

Bandugu, hakuna mwenye amesema ya visahani! Kule mu muji ni kinyume na sheria kisahani cha kutoka angani kutua. Waliniambia wakati nashusha chupa, nikazania wananicheza.

#36 Kigoda cha Mbele

Mzee, hiyo chai. Tena ya maziwa.

#37 Karani wa Zamani

Siyo chai. Ni amri ya meya Lucien Jeune, Oktoba 1954. Vuli ile Ufaransa nzima watu walikuwa wanaona vitu angani. Meya akaandika: kisahani au sigara iendayo angani, ya taifa lolote lile, isipite juu ya mji, isitue, isiruke ndani ya mipaka yake, na kitakachotua kitakamatwa na kupelekwa yadi kama gari lililoegeshwa vibaya. Mlinzi wa mashamba ndiye aliyepewa kazi ya kukamata. Mtoto wa meya alikuja kusema baba yake alikuwa anautangaza mji tu. Mwaka 2016 meya wa wakati huo aliulizwa kama ataifuta, akakataa.

#38 Dada wa Marseille

Mji uliojipa jina la Papa 1893 ukatunga amri ya visahani 1954. Halafu mnauliza stori ya mawe ilitoka wapi.

#39 Bwana Shamba Mstaafu

Dada, umepiga pabaya. Lakini maji chini ya mawe si stori, njoo na jembe nikuonyeshe.

#40 Mkulima wa Hombolo

Mawe nimeshatandaza mistari miwili. Mke wangu anauliza nimerogwa na nani.

#41 Mchuma Zabibu

Mpaka sasa nina grenache, mzigo mdogo shinani, mistral, kifuniko cha mawe, kuchelewa kuvuna, Parker, joto la dunia na Baroni. Nilikuja na moja nikitafuta jibu, naondoka na nane. Mkulima, ukivuna hiyo mistari miwili tupimie sukari yake na ya mistari isiyo na mawe, uturudie hapa.

#42 Mkulima wa Hombolo

Nitarudi, Mungu akipenda. Ila jogoo wa jirani ameshaligeuza jiwe moja.

#43 Mwana wa Kibokoni

Mimi bado niko kwa visahani. Karani, divai hii inalimwa mji mmoja tu au na jirani?

#44 Karani wa Zamani

Wilaya ya jina ina miji mitano: Châteauneuf yenyewe, na sehemu za Orange, Courthézon, Bédarrides na Sorgues.

#45 Mwana wa Kibokoni

Na amri ya meya inafika wapi?

#46 Karani wa Zamani

Mipaka ya mji wake tu.

#47 Mwana wa Kibokoni

Basi kisahani kitue Courthézon. Divai ni ile ile, na yadi hakiendi.